Afya ya Matumbawe Huanzia Chooni

Mgeni anayezuru magofu ya Kilwa Kisiwani huona kuta za Msikiti Mkuu zilizojengwa kwa matumbawe na kupakwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Kwa karne nyingi, katika mwambao wa Kilwa na Lindi, tumbawe limehesabiwa kuwa jiwe, na maradhi ya jiwe hayamhusu tabibu. Dhana hiyo inafaa kuachwa. Tumbawe ni kiumbe hai. Huugua, hupona na hufa, na baadhi ya mambo yanayoliua yamo katika kazi ya kila siku ya afisa afya.

Kila tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo walioshikamana juu ya mifupa ya chokaa waliyoijenga wenyewe. Ndani ya miili yao huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumpatia mwenyeji wake hadi asilimia 90 ya nishati anayohitaji. Juu ya miili hiyo kuna utando wa ute wenye bakteria wengi, na baadhi yao hutoa kemikali zinazozuia vimelea vya maradhi. Muuguzi hatashangazwa na mpango huo, kwa kuwa utumbo wa binadamu nao hulindwa na bakteria wema. Wema wakipungua, wabaya hupata nafasi.

Joto ndilo linalovunja mapatano hayo. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Tanzania yalipauka na kufa. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima. Tumbawe lililopauka limepoteza mwani wake. Hubaki jeupe na lenye njaa, kama mtoto mwenye utapiamlo ambaye kila maambukizi humkuta hana kinga.

Joto hilohilo huwapa nguvu maadui. Katika matumbawe yaliyougua karibu na Zanzibar, watafiti Ben-Haim na Rosenberg walipata bakteria aliyepewa jina Vibrio coralliilyticus, ambaye ni wa ukoo mmoja na Vibrio cholerae, mdudu wa kipindupindu. Katika maji ya chini ya nyuzi 22 hakuleta dalili za ugonjwa. Maji yalipofika nyuzi 27 na zaidi, aliyeyusha nyama ya tumbawe. Maji ya Kilwa hufikia joto hilo kwa muda mrefu wa mwaka.

Kisa cha pili kinagusa choo moja kwa moja. Huko Florida, Marekani, ugonjwa wa madoa meupe uliangamiza sehemu kubwa ya matumbawe yenye umbo la pembe. Mwaka 2011 watafiti walithibitisha kwamba Serratia marcescens aliyetoka katika majitaka ya binadamu anaweza kuliambukiza tumbawe hilo. Bakteria huyo anafahamika wodini kwa maambukizi ya damu, mkojo na mapafu. Kwa kawaida binadamu huhofia maradhi yatokayo kwa wanyama. Hapa binadamu ndiye aliyempa mnyama maradhi.

Itasemwa kwamba Kilwa si Florida, kwamba zahanati zina upungufu wa kutosha hata bila kuongezewa mzigo wa bahari, na kwamba adui mkubwa wa miamba ni joto na baruti za wavuvi haramu. Hoja hizo zina uzito, lakini hazifuti wajibu. Joto la dunia haliwezi kupozwa na halmashauri ya wilaya, na baruti ni kazi ya vyombo vya dola. Majitaka ndiyo yaliyo mikononi mwa sekta ya afya. Mgonjwa aliyedhoofika hulindwa zaidi dhidi ya vimelea. Haachwi kwa sababu chanzo cha udhaifu wake kiko mbali.

Wala kazi hiyo si mpya. Choo bora kilichojengwa mbali na mstari wa maji kujaa, Kilwa Kivinje au Songosongo, humkinga mtoto na kuhara na hulikinga tumbawe pia. Wavuvi wanaopiga dago katika visiwa visivyo na vyoo wanahitaji kufikiwa na elimu ya afya kama wakazi wa vijijini. Taka za zahanati na mabaki ya viuavijasumu yasiishie ufukweni. Nyasi za baharini nazo zilindwe dhidi ya makokoro: utafiti uliofanywa nchini Indonesia na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa palipo na nyasi hizo, vimelea hatari kwa watu na viumbe wa bahari hupungua kwa nusu, na maradhi ya matumbawe vilevile. Aidha, wanawake wanaotafuta pweza wakati wa bamvua huuona mwamba kwa karibu kabla ya mtaalamu yeyote. Wanapoona madoa meupe yanayoenea, taarifa yao imfikie afisa uvuvi na afisa afya kwa pamoja.

Kliniki ya mama na mtoto humshauri mjamzito ale samaki. Changu, tasi na pweza wanaofika sokoni Kilwa Masoko hutegemea miamba hiyo. Mwamba ukifa, ushauri huo utabaki maneno tu, na mama atarudi nyumbani kwenye ugali mkavu. Kwa hiyo afisa afya anayekagua choo cha pwani asikomee kuuliza ni nani anayekitumia. Aulize pia maji yake yanaelekea wapi.