Siku Yake Haikuwa Imefika

Katika misiba yetu kuna sentensi moja ambayo nimechoka kuisikia. Husemwa na mtu mzima, kwa sauti ya upole, huku waombolezaji wakiitikia kwa vichwa: "Ndugu zangu, tusilie sana, siku yake ilikuwa imefika." Inaposemwa juu ya bibi kizee aliyefariki akiwa amezungukwa na wajukuu, mimi pia huinamisha kichwa na kukubali. Inaposemwa juu ya kijana wa miaka 24 aliyeanguka kutoka ghorofa ya tano akiwa na ndoo ya zege begani, sikubali.

Sibishani na Mwenyezi Mungu. Ninabishana na mkandarasi aliyejificha nyuma ya jina Lake. Maana bahati mbaya, kwa jinsi nielewavyo mimi, ni jambo ambalo mwenye akili timamu hakuweza kulitazamia. Radi ikimpiga mkulima shambani, hiyo ni bahati mbaya. Lakini mtu aliyesimama juu ya ubao mmoja usiopigiliwa msumari, mita 15 kutoka chini, pasipo chochote cha kumzuia pembeni, tutasemaje kwamba kuanguka kwake hakukutazamiwa? Kilichokuwa hakijulikani ni saa tu, na jina la atakayeanguka.

Tena uzito wa mwanadamu haubahatishi. Anayeanguka kutoka mita 3, yaani ghorofa moja tu, hufika chini kabla sekunde moja haijatimia, kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 10 huchukua kama sekunde moja na nusu, na anapogusa ardhi mwendo wake ni karibu kilomita 50 kwa saa, sawa na daladala iliyokolea barabarani. Katika muda huo hakuna ushujaa, hakuna uzoefu wa miaka 20, hakuna kushika nondo kwa mkono mmoja kama katika sinema. Ndiyo maana huwa nacheka, kicheko kisicho cha furaha, ninapomsikia nyapara akiwaambia vijana, "Muwe waangalifu huko juu." Uangalifu ni kitu chema, lakini mtu huchoka, jua humpiga, mawazo humpeleka kwa mtoto mgonjwa nyumbani. Nani kati yetu amewahi kuwa mwangalifu kwa saa tisa mfululizo?

Kijana niliyemtaja hapo juu alikuwa wa mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam. Jina lake sitalitaja, wala la kampuni iliyomchukua kwa malipo ya kutwa, maana nia yangu si kesi ya mtu mmoja. Alikuwa saidia fundi. Katika jengo lile palikuwa na shimo la lifti ambayo ilikuwa bado haijaletwa, na juu ya shimo, katika kila ghorofa, mtu alikuwa amelaza kipande cha marini bodi ili watu wasitumbukie. Wazo lilikuwa jema. Ila kipande cha ghorofa ya tano hakikupigiliwa misumari, na siku hiyo asubuhi mafundi wengine walikihitaji kwa kazi nyingine wakakisogeza nusu. Yeye alikuja na ndoo yake begani, upande ule ule ambao ndoo humziba mtu macho. Wenzake walisikia kwanza ndoo, kisha wakasikia kimya.

Misumari minne. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara jibu ni lile lile. Misumari minne ya inchi tatu na dakika mbili za mtu mwenye nyundo.

Msibani alikuja mwakilishi wa kampuni, amevaa shati jeupe, akatoa gunia la mchele, sanduku la sabuni na bahasha. Akasema marehemu alikuwa kijana mchapakazi na kwamba siku yake ilikuwa imefika. Watu wakamshukuru. Mjane wake, binti wa miaka 21 mwenye mtoto mgongoni, naye akashukuru. Hakuna aliyemwuliza kama ajali ile imeripotiwa serikalini, wala kama marehemu alikuwa ameandikishwa popote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu ya kazi isajiliwe, ajali itolewe taarifa, na mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko, ulioanza kazi mwaka 2015, ili mjane kama yule apate haki yake na si sadaka. Haya si mambo mapya yaliyoletwa jana na wafadhili. Hata mkoloni alikuwa na sheria yake ya viwanda tangu 1950. Kilichokosekana si karatasi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali mbele ya bahasha.

Nikiyasema haya kwa marafiki zangu wajenzi, nao wanipa majibu yao, na ni haki niyaeleze. La kwanza ni gharama. Wanasema vifaa ni ghali na sisi ni nchi maskini. Jibu hili lingekuwa na uzito kama lingetolewa na mtu anayejenga kibanda cha makuti. Linatolewa chini ya jengo ambalo sakafu yake itawekwa marumaru iliyovuka bahari, na vioo vya bluu kuanzia chini hadi juu. Mirunda ambayo tayari imesimama kulizunguka jengo inatosha kufungia vizuizi pembeni: mti mmoja ukingoni kwa usawa wa juu ya kiuno, wa pili katikati, na ubao chini wa kuzuia tofali na miguu isiteleze. Mbao za kukanyagia zipangwe mbili tatu pamoja, zifungwe. Mashimo yafunikwe na kifuniko kipigiliwe. Fundi yeyote wa mtaani anaweza kuyafanya haya bila kuagiza kitu ng'ambo.

La pili ni kwamba vibarua wenyewe hawataki. "Ukimpa mkanda anauvua, ukimpa buti anaziuza, kesho yuko juu na kandambili." Ni kweli, nimewaona. Lakini nimeona pia jinsi mikanda hiyo inavyogawiwa. Kijana anavalishwa mkanda asubuhi mkaguzi anapotarajiwa, na kamba yake inaning'inia nyuma kama mkia, kwa sababu hakuna aliyefikiri itafungwa wapi. Mkanda usiofungwa mahali imara ni pambo la mwili. Na ukifungwa chini ya miguu kwa kamba ndefu, aliye ghorofa ya kwanza atafika chini kabla kamba haijakaza. Isitoshe, aliyeokolewa na mkanda akaachwa ananing'inia muda mrefu anaweza kufa akiwa kwenye mkanda huohuo, damu ikiwa imekwama miguuni, kwa hiyo lazima iwepo njia ya kumshusha haraka. Mambo haya hufundishwa. Kijana aliyeokotwa getini saa kumi na mbili asubuhi na kupelekwa ghorofa ya saba saa moja kasoro, amefundishwa na nani? Na anayelipwa kwa idadi ya ndoo, mkanda unaompunguzia ndoo kumi kwa siku utamkalia mwilini mpaka saa ngapi?

Hapo ndipo ninapogombana hata na wapenda usalama wenzangu. Wao wakisikia mtu kaanguka, hukimbilia kuuliza kama alivaa kofia na mkanda. Mkanda ni ngome ya mwisho. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kazi za juu zinaanza na swali jingine kabisa: je, ni lazima kazi hii ifanyike juu? Kama inaweza kufanyika chini kisha ikapandishwa, ifanyike chini. Kama haiwezi, mzuie mtu asianguke, kwa jukwaa na vizuizi vinavyomlinda mvivu na hodari pasipo kumwuliza yeyote kama amekumbuka. Ni pale tu hayo yanaposhindikana ndipo tunafikiria wavu, mkanda, kitu cha kumdaka. Sisi tumeanza mkiani. Na tumeanza mkiani kwa sababu mkia una faida moja: akifa, tunaweza kusema kosa lilikuwa lake.

Msidhani ninawatukuza Wazungu. Katika mwaka wa hesabu wa 2023/24 Uingereza ilipoteza wafanyakazi 138 katika ajali za kazini, na 50 kati yao walikufa kwa kuanguka kutoka juu, kuliko sababu nyingine yoyote. Marekani nako, kuanguka ndiko kunakoongoza kwa kuua wajenzi. Tofauti ni kwamba wao wanajua idadi yao, na idadi inawauma.

Na waliwahi kuwa kama sisi. Zamani huko Marekani wajenzi wa madaraja walikuwa na kanuni yao isiyoandikwa, kwamba kila dola milioni moja za kazi zitameza mtu mmoja. Ilikuwa ni "siku yake imefika" kwa lugha ya wahasibu. Daraja la Golden Gate la San Francisco, lililojengwa kuanzia 1933 hadi 1937 kwa kiasi cha dola milioni 35, lilitakiwa basi liwameze kama 35. Mhandisi wake mkuu, Joseph Strauss, akaagiza wavu mkubwa utandazwe chini ya kazi, wavu uliogharimu zaidi ya dola 130,000. Watu 19 waliangukia humo wakatoka wazima. Tarehe 17 Februari 1937 jukwaa lilikatika, likauchana wavu, likawachukua watu 10 kwa siku moja, na jumla ya waliokufa katika kazi ile ikawa 11. Ni wengi, na kila mmoja alikuwa na mama yake. Lakini nawauliza wanaopenda neno "ahadi": wale 19 ahadi yao ilikwenda wapi? Ilibadilishwa na kamba?

Kinachonisikitisha zaidi ni jinsi tunavyochagua kushtuka. Machi 2013 jengo refu lilipoporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 30, nchi nzima ilisimama. Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka Kariakoo, tulisimama tena, na ilikuwa haki. Lakini wanaoanguka mmoja mmoja, huyu leo na yule baada ya wiki tatu, hawana kamera wala tume. Kazi hurudi saa nane mchana. Mama ntilie anapunguza sahani moja.

Sasa tumshike nani? Mkaguzi, naam, aje bila kupiga simu. Mkandarasi, bila shaka. Ila mimi ningeanza na mwenye jengo, kwa sababu yeye ndiye anayechagua bei. Zabuni zinapoletwa mezani na moja ikawa chini kuliko nyingine zote, punguzo hilo limetoka wapi? Saruji ina bei yake, nondo zina bei yake. Mara nyingi limetoka kwenye vizuizi ambavyo havitawekwa na watu ambao hawataandikishwa. Basi gharama za usalama ziandikwe peke yake katika makadirio, kila mkandarasi azitaje, na lisiwe fungu la kushindania bei. Na kabla ya kutia saini malipo ya kila ghorofa, mwenye jengo aombe kupelekwa juu, atembee hadi ukingoni pale vijana wanapofanyia kazi. Akiambiwa, "Mzee, huko juu si salama kwa mgeni," akunje karatasi yake, airudishe mfukoni, na kalamu pia.