Tuwape Watoto Rangi na Beti



Mwambie mtoto wa chekechea jijini Dar es Salaam achore nyumba. Atachora kuta nne, paa la bati, mlango katikati na jua pembeni. Wenzake watachora hiyohiyo, hata yule ambaye bibi yake analala kwenye tembe huko Dodoma. Nchi hii ina makabila zaidi ya 120, lakini watoto wetu wanakua wakiamini kuwa nyumba ni ya namna moja na lafudhi ni moja. Ndiyo maana anayechanganya "l" na "r" huchekwa mpaka akaacha kunyoosha kidole darasani.

Hotuba za umoja hazimwingii mtoto wa miaka mitano. Rangi na wimbo zinamwingia. Tuwapeleke Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, kwenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Mtoto akae mbele ya msonge wa Kihaya, auone ulivyoezekwa nyasi toka kileleni hadi chini, auchore. Kisha ahamie kwenye tembe la Kigogo, lenye paa bapa la udongo. Atauliza mwenyewe kwa nini paa moja limechongoka na jingine limelala. Mwalimu amjibu: mvua ya Bukoba si mvua ya Dodoma. (Na anayepaka anga zambarau, tafadhali, aachwe.)

Walio mbali na Dar wachore nyumba za kwao. Karatasi zikikosekana, maboksi yapo: mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli.

Ushairi nao usingoje sekondari. Kila mtoto alete wimbo wa kubembelezea watoto wa kwao, uwe wa Kinyakyusa, Kisukuma au Kigujarati. Darasa zima liuimbe, kisha watunge pamoja ubeti wa Kiswahili, wenye vina, wa kumsifu aliyeuleta. Ni vigumu kumcheka mtu ambaye jana ulihangaika kutamka maneno ya bibi yake.

Kamati za shule, tengeni kipindi kimoja kwa wiki, na msikifute mtihani ukikaribia. Wenye maduka, tupeni maboksi na penseli za rangi. Mabibi na mababu, njooni darasani mfundishe nyimbo zenu wenyewe. Nasi wazazi tulipeleke jambo hili kwenye mkutano ujao wa shule, tusitoke humo kabla siku ya kuanza haijapangwa.