Mahali pa Kulala si Mshahara

Huko Marekani, kila majira ya joto, wazee wengi waliostaafu huhamia katika kambi za watalii kando ya mito. Hulala katika magari yao yenye vitanda na jiko. Kazi yao ni kupokea wageni, kusafisha vyoo na kuzoa takataka. Katika baadhi ya kambi, malipo ni nafasi ya kuegesha gari, maji na umeme, basi.

Wako watakaosema: wanapata upepo wa mto, wanataka nini zaidi? Sisi tunasema upepo hauliwi. Sheria ya kazi ya taifa hilo inaweka kima cha chini cha mshahara, lakini inaziacha nje sehemu za starehe zisizofunguliwa zaidi ya miezi 7 kwa mwaka. Na siku kazi inapokwisha, mahali pa kulala nako kumekwisha.

Sisi tunaolala katika nyumba za shamba tunaijua hali hiyo. Ukibishana na nyapara mchana, usiku unawaza watoto watalala wapi. Ndiyo maana Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1961 kwamba, kwa kawaida, haifai mwajiri mwenyewe kuwapa wafanyakazi nyumba.

Basi tudai mambo matatu katika kila mkataba: saa za kazi ziandikwe, mshahara kamili ulipwe kwa fedha, na anayeachishwa kazi apewe muda wa kutosha wa kuhama. Mwenye kudai peke yake hufukuzwa. Tukidai wote, tutasikilizwa.