Gregory Maloba na Jina Lisiloandikwa

Ijapokuwa ufuo wa Mama Ngina kisiwani Mombasa ulikarabatiwa kwa kiasi kikubwa na kuwa uwanja wa sherehe za Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2019, tabia yake ya tangu jadi haikubadilika. Hapo ni mahali pa familia. Jioni wazazi huketi na watoto wao karibu na mibuyu, wakila mihogo na kunywa madafu, huku meli zikiingia Kilindini. Ufuo huo wenye jina la mama ndipo hasa panapofaa kuuliza shujaa huchongwa kwa sura gani.

Wakoloni walikwisha kuipa Mombasa majibu yao. Katika miaka ya 1920 walisimamisha sanamu za askari wa Vita Vikuu vya Kwanza, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Katika miaka ya 1950 zikafuata zile pembe za ndovu ambazo kila mgeni hupigia picha, zilizowekwa kwa heshima ya ufalme wa Uingereza. Askari na pembe! Raia wa kawaida, mwenye nyumba na wana, hakuonekana.

Mkenya mmoja alilijibu swali hilo kwa namna nyingine kabisa, ila jibu lake limesimama Kampala. Gregory Maloba alizaliwa Mumias mwaka 1922. Alifika Makerere akiwa kijana, akawa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Margaret Trowell, mwasisi wa masomo ya sanaa chuoni hapo, na baada ya masomo zaidi Uingereza akarudi kufundisha papo hapo. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, mnara wa uhuru ulikuwa kazi ya mikono yake. Hakuumba kiongozi wala mpiganaji. Aliumba kwa zege mwanamke mrefu ambaye mwili wake ungali umezongwa na vifungo, naye anamwinua mtoto juu, mikono ya mtoto ikielekea mbinguni. Maana yake haihitaji mfasiri: uhuru ni kazi ya mzazi ambaye hajafunguka bado, lakini mwanawe yu huru. Tangu mwaka 2010 mnara huo umo katika noti za Uganda, hivyo watu hutembea nao mifukoni, na wengi wao hawalijui jina la aliyeuumba.

Baadaye Maloba alirejea nyumbani akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifariki mwaka 2007. Ualimu, yafaa isemwe, ndio sanaa inayosahaulika upesi kuliko zote. Sanamu hubaki barabarani, bali saa ambazo mwalimu alisimama nyuma ya mwanafunzi akimwonyesha namna ya kushika udongo haziwekwi popote.

Wapo watakaosema kwamba Maloba hana nasaba na Mombasa, na kwamba Mji wa Kale, ulio mji wa Waislamu, haupokei sanamu za viumbe. Hoja hii ya pili ni nzito na haifai kudharauliwa. Lakini uchongaji si sanamu za watu pekee. Milango ya nakshi ya Mji wa Kale ni uchongaji wa daraja la juu, na mafundi wake nao walikuwa walimu, kwani ufundi huo ulirithishwa baba kwa mwana. Jina la mwenye nyumba hukumbukwa. La fundi aghalabu halikumbukwi. Kwa hiyo anayemlilia Maloba anawalilia na hao.

Serikali ya Kaunti ya Mombasa ingeanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti kubwa: kila kazi ya mikono iliyopo, na itakayowekwa, katika ufuo wa Mama Ngina ibandikwe kibao chenye jina la fundi, mahali alikozaliwa, na jina la aliyemfundisha.