Upinde Bila Ardhi
Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, kijana wa Kihadzabe hufundishwa upinde na wazee tangu utotoni. Pamoja na shabaha hujifunza kusoma nyayo, kutambua vyanzo vya maji na kutunza miti yenye asali. Lakini upinde bila ardhi ni fimbo tu. Kwa miaka mingi mashamba na mifugo vilimega pori lao. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila; tangu hapo fedha za hewa ukaa zimewalipa walinzi wa misitu kutoka miongoni mwao. Hati ni haki, si hisani. Sisi tunaolima na kuchunga jirani nao tujiulize: je, jembe letu huishia mpakani?