Barua ya Wazi kwa Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania

Waheshimiwa Mwenyekiti na Makamishna,

Naleta kwenu kadhia ya mlango wa Mahakama ya Rufani, ambao Sheria ya Mamlaka ya Rufani ya 1979, katika kifungu cha 5(2)(c), imeutia komeo mbele ya watu ambao mashauri yao yalianzia Mahakama ya Mwanzo. Shangazi yangu ni mmoja wao. Shauri lake la mirathi, la minazi na nyumba ya udongo aliyoacha marehemu mumewe, lilipanda kutoka Mwanzo hata Wilaya, na kutoka Wilaya hata Mahakama Kuu. Na aliposhindwa huko akaambiwa masjala, hali ameikumbatia bahasha ya hukumu ndani ya kanga, kuwa hawezi kwenda mbele mpaka Mahakama Kuu yenyewe ithibitishe kwa hati kwamba shaurini mna hoja ya kisheria. Aliniuliza usiku ule, "Mwanangu, hoja ya kisheria ndiyo ipi?" nami niliyesomeshwa kwa nazi zake sikuwa na jibu la kumtosha.

Silaumu kuwapo kwa mipaka. Mahakama ya Rufani ni moja kwa nchi nzima, na majaji wake hawawezi kuanza upya kupima ushahidi wa kila mnazi. Lakini mwaka 2023 Bunge liliondoa sharti la kibali katika rufani za madai, hata aliyefungua shauri lake Mahakama ya Wilaya, aghalabu mwenye mali na wakili, sasa hupita bila kupiga hodi; ilhali mjane aliyeanzia Mwanzo, ambako kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama, angali anaomba ruhusa, tena anaiomba kwa Mahakama ile ile ambayo hukumu yake ndiyo anayoilalamikia. Ibara ya 13 ya Katiba imeweka usawa mbele ya sheria na haki ya kukata rufani mahali pamoja. Insafu ya kuwatenga hawa i wapi?

Nawasihi mlipendekezee Bunge kwamba hoja hiyo ya kisheria ipimwe na Mahakama ya Rufani yenyewe, lau kwa jaji mmoja anayesoma maandishi tu, na maombi yake yaandikwe kwa Kiswahili anachokielewa mwenye shauri. Bahasha ya shangazi iko juu ya kabati langu, na nimemwahidi kwamba jibu lenu nitamsomea mwenyewe.

Wenu katika kutafuta haki,
Mpwa wa mjane