Mvua Ikija kwa Kishindo, Tuipokee

Ndugu zangu wakulima na wafugaji wa Dodoma,

Kiangazi kikikolea, mama anapiga magoti kwenye korongo lililokauka, anafukua mchanga kwa mikono, kisha anangoja. Maji yanachuruzika kidogo kidogo, anayachota kwa kata. Ni ya mvua iliyopita zamani. Mchanga ulimwekea akiba.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, ila maji ya ardhini hapa kwetu yana methali yake. Bonde la Makutupora, ambalo visima vyake virefu vinanywesha mji wetu, limepimwa tangu miaka ya 1950. Vipimo vimeonyesha kuwa manyunyu hayafiki chini: jua huyawahi, mizizi humaliza yaliyobaki. Bonde hujazwa na mvua kubwa za miaka ya nadra, kama zile za El Niño za 1997 na 1998. Katikati ya miaka hiyo, kazi yetu ni kuteka tu.

Basi mvua ileile tunayoilaani kwa kukata barabara ndiyo yenye akiba yetu. Shida ni kwamba hupita mbio, na udongo wetu imeubeba.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya mvua za Desemba tuchimbe makinga maji. Funga miti mitatu kwa umbo la herufi A, ning'iniza jiwe kwa kamba. Jiwe likitulia katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Fuata usawa huo kuchimba mtaro, udongo uutupe upande wa mlimani. Ndiyo fanya juu, ambayo wakulima wa Machakos waliivumisha hadi wataalamu wa ng'ambo wakaiita kwa Kiswahili chetu. Malishoni, tuchimbe mashimo ya nusu mwezi.

Serikali za vijiji nazo zilinde mchanga wa makorongo. Kila lori linaloondoka nao limeondoka na tangi letu. Vyoo na mazizi vikae mbali na visima, maana ardhi hupokea uchafu kama inavyopokea maji.

Na tufanye pamoja. Jirani wa juu asipokinga maji, tuta lako la chini litabomoka usiku mmoja. Kitongoji kipange siku, kila kaya ije na jembe, tuanzie mlimani tukishuka.